Bangili za Daktari Shirini

Bangili zililia gizani. Mlio mwembamba tu, wa kioo kugusana na kioo, ukatokea sebuleni, ukanyamaza, ukalia tena. Nilufa alifumbua macho akasikiliza. Alfajiri ilikuwa haijapambazuka, mumewe yuko zamu bandarini, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu hata mmoja anayevaa bangili.

Akashuka kitandani, akapita ukumbini akipapasa ukuta. Sebuleni alimkuta binti yake Ruhi, mtoto wa miaka sita, amekaa sakafuni na gauni la kulalia, kidevu juu ya magoti, anacheka kimyakimya. Mbele yake, juu ya kisimulizi, alisimama Nilufa mwingine.

Kisimulizi kilikuwa chombo cha kawaida katika Tanga ya siku hizo, kama jiko. Ni sahani ya chuma yenye upana wa sinia, inayopuliza mwanga mpaka mwanga ukawa mtu, mfupi kidogo kuliko mtu wa kweli, mwenye uso na jasho lake, ambaye unaweza kumzunguka ukamwona kisogo. Waigizaji hawakusimama tena jukwaani. Waliingia katika chumba cheupe cha jumba la michezo, wakaigiza mara moja, na mashine ikawachota: sura, sauti, mwendo, hata namna ya kuvuta pumzi. Kilichochotwa kiliitwa kivuli, na tangu hapo kivuli ndicho kilichofanya kazi, katika nyumba maelfu kwa wakati mmoja, mwenyewe akiwa kwake anamenya vitunguu.

Nilufa alichotwa mwanzo wa masika akiwa Daktari Shirini, mpasuaji. Siku aliyopewa nafasi ile alilia. Katika michezo yote aliyoitazama tangu utotoni, mtu mwenye uso wa Kihindi kama wake alikuwa na kazi moja tu: kukaa nyuma ya kaunta ya duka na kuwa bahili. Leo ndiyo kwanza mmoja wao ashike kisu cha upasuaji. Kwa hiyo alimwiga mtu aliyemjua, mama yake, marehemu Bi Gulshan, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa wa Ngamiani. Aliiga namna alivyonawa mpaka viwikoni bila haraka, na namna alivyomwinamia mgonjwa akamuuliza kumekuchaje, mwanangu. Kiswahili cha Bi Gulshan kilikuwa kilekile cha jirani yake wa kushoto na wa kulia. Kikachi, lugha ya wazee wake, alikiweka kwa nyimbo za kubembeleza watoto, na kwa ugomvi.

Sasa Nilufa akamtazama daktari yule aliyesimama kwenye sahani. Alikuwa amevaa bangili za kioo karibu mpaka viwikoni, nyekundu na kijani, nazo zililia kila alipoinua kisu juu ya tumbo la mgonjwa. Kichwa kilimcheza shingoni kana kwamba kamba zake zimelegea. Mgonjwa aliomba asaidiwe. Daktari akasuguanisha vidole.

"Lete pesa kwanza veve," kivuli kilisema, kwa koo la Nilufa. "Halafu mimi nakata tumbo."

Vicheko vya watu wasioonekana vikajaa sebule.

Nilufa alisogea karibu na sahani. Kovu dogo chini ya jicho, alilolipata alipoanguka na baiskeli utotoni, lilikuwapo mahali pake. Meno yalikuwa yake. Walikuwa wameacha kila kilicho chake, wakamwingiza mtu mwingine ndani. Ni kama kurudi nyumbani ukakuta mtu usiyemjua amevaa nguo zako za ndani, ukimvua bado zina joto.

Ruhi aligeuka, akatikisa kichwa kwa mtindo uleule, akasema veve mama, njoo kaa. Kisha akamweleza, kwa furaha tupu, kwamba mama wa humu anachekesha kuliko yeye, na kwamba leo atawaigizia wenzake shuleni.

Nilufa alikizima kisimulizi. Akaenda bafuni akasugua uso kwa sabuni mpaka ukawasha.

Lile lilikuwa toleo la kuonja, linalotumwa kwa waigizaji usiku wa kuamkia mchezo. Adhuhuri lingeingia nyumba zote. Ila sheria ilimwachia mwigizaji mlango mmoja: kabla ya adhuhuri anaweza kwenda mwenyewe mbele ya mashine ya idhini, akakiondoa kivuli chake kwa sauti yake hai. Aliyefanya hivyo hakuchotwa tena na jumba lolote. Na kuigiza ndiyo kazi pekee aliyoisomea, jioni baada ya jioni, katika madarasa ya watu wazima, Ruhi akiwa usingizini mgongoni.

Hakumpeleka mtoto shule. Hakutaka kichwa kile kitikisike mbele ya darasa. Wakapanda kiti-waya, kimoja cha vile viti vinavyoteleza kwenye nyaya juu ya mapaa ya mji, na njia nzima Ruhi alimuuliza kwa nini amenuna.

Tatu, fundi wa vivuli, ndiye aliyewapokea mlangoni pa jumba la michezo. Alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, lakini leo hakumtazama machoni.

"Shoga, mimi sikukugusa," alisema. "Ni Kikolezo."

Akamweleza wakitembea. Kikolezo ni mashine iliyonunuliwa mwaka ule ili kuunga michezo, kama mpishi anavyoonja mchuzi akaongeza chumvi. Inakitazama kivuli, inakisia watazamaji wanatarajia mtu wa sura ile aweje, kisha inakisukuma kivuli mpaka kifike huko. Nilufa akauliza ilijuaje Mhindi awe vipi. Tatu akasema ilisomeshwa vichekesho vya zamani, vyote vilivyopatikana ghalani. Nilufa akauliza humo ndani Wahindi waliigizwa na nani.



"Na watu wa kwetu," Tatu alisema. "Wamejipaka poda, wamebandika masharubu. Mhindi mwenyewe sijamwona hata mmoja."

Bwana Shemboja, mkuu wa jumba, alikuwa mtu mnene mcheshi ambaye Nilufa alimpenda mpaka asubuhi ile. Alimpa Ruhi kashata, akavuta viti, akamwita Nilufa shemeji kama ilivyo desturi yake. Akasema shemeji ana hasira za bure. Watu wakimcheka ndiyo wamempenda. Hata yeye, Msambaa, watani zake humchamba hata kwenye misiba ya nyumbani kwake, wakakaa juu ya kaburi wakadai chai, naye hajafa kwa hilo.

"Na wewe ni mtani wetu, shemeji. Tumekutania tu."

"Mtani wangu ninamjibu," Nilufa alisema. "Ukinichamba, nakuchamba, tunakula pamoja. Huyu mliyemtengeneza amechukua mdomo wangu. Nikujibu kwa mdomo gani?"

Bwana Shemboja aliinuka. Akaonyesha kwa mkono pembeni ya ukumbi. Basi, kama ameamua, mashine ile pale.

Ilikuwa nguzo ya kioo yenye taa mbili, moja ya mwenye kivuli, ya pili ya shahidi. Nilufa alisimama mbele ya taa ya kwanza. Alijua anachokitupa.

"Mimi Nilufa Somji, nakiondoa kivuli changu."

Taa ya mashine ikawaka nyekundu.

"Sauti hii si ya Nilufa Somji," ilisema kwa adabu. "Tafadhali mwite Nilufa Somji."

Ili kumsaidia alinganishe, ikampigia sauti iliyokuwa nayo. Lete pesa kwanza veve. Tatu akashika kichwa. Kikolezo kilipomaliza kazi kilikuwa kimeandika sauti mpya juu ya ile ya zamani, na hakuna aliyekumbuka kuhifadhi ya kwanza. Kwa mashine ile, Nilufa wa kweli alikuwa yule wa bangili.

Bwana Shemboja naye aliona aibu, ilionekana. Alisema ipo njia ya shahidi wa damu, iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa waliopoteza sauti: ndugu akisimama mbele ya taa ya pili akaikana sauti iliyomo, kivuli kinaondolewa. Lakini Bi Gulshan alikuwa kaburini, na kaka yake Nilufa alifanya kazi kituo cha mwezini, asingeweza kufika kabla ya adhuhuri. Ruhi? Nilufa hakutaka hata kumfikiria. Asubuhi tu mtoto alikuwa ameuita ule uchafu mama.

"Basi sema kama kinavyosema chenyewe," Bwana Shemboja alinong'ona. "Maneno mawili, shemeji. Ni mashine tu. Nani anasikia?"

Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Nilufa alifumba macho. Ubaya ni kwamba aliiweza sauti ile. Utotoni, shuleni, alikuwa akiifanya yeye mwenyewe, ili acheke kabla hajachekwa. Akaiachia shingo ilegee, nayo ikalegea vizuri mno, kana kwamba ilikuwa ikisubiri.

"Mimi Nilufa," alisema. "Veve mashine, mimi naondoa..."

Na taa ya kwanza ikaanza kupepesa kijani. Ilikuwa inamtambua.

Alihisi kiganja chake kimebaki kitupu. Akafumbua macho. Ruhi alikuwa ameuachia mkono wake. Hakuwa anacheka. Alimtazama mama yake usoni, kwenye shingo iliyolegea, kama mtoto anayemtazama mtu aliyeingia nyumbani bila kubisha. Kashata ikamdondoka sakafuni. Akaenda mwenyewe mpaka mbele ya taa ya pili, akasimama kwa ncha za vidole mpaka mwanga ukamgusa kipaji cha uso. Mashine ikasema damu ni moja, shahidi anene.

"Mama yangu hazungumzi hivyo."