Mume Wangu Askari Aliniachia Mtoto Nisiyemjua

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka sitini na miwili, mzaliwa wa Rombo. Ninaishi Majengo, Moshi, ninashona nguo za shule. Haya yalinipata miaka ya tisini, na hadi leo nikiyakumbuka moyo huniwaka...

Mume wangu, Aloyce, alikuwa koplo wa polisi. Tuliishi kota za polisi mjini na binti yetu wa pekee, Adela. Mara kwa mara Aloyce alipangiwa doria Tarakea, mpakani, kukamata kahawa ya magendo. Alirudi na maharage mazuri, nami nikamsifu kwa majirani kwamba hakuna mume anayekumbuka nyumbani kama wangu! Kumbe yalitoka kwa mwanamke mwingine.

Siku moja gari la doria lilipinduka mteremkoni. Aloyce hakufika hospitali.

Tulimzika kihambani, shamba la ukoo wao, katikati ya migomba. Padri alipomaliza, nikamwona mwanamke wa rika langu amemshika binti mkono. Yule mtoto alikuwa na paji la uso la Aloyce, hata kusimama kwake... Nilimuuliza mama mkwe ni nani wale. Akatazama chini. Mama niliyemuuguza kwa mikono yangu, alijua miaka yote!

Mwanamke yule aliitwa Sesilia, muuza maharage sokoni Tarakea. Binti yake, Levina, alimzidi Adela wangu mwaka mmoja. Yaani nilipokuwa navishwa pete kanisani, mwenzangu alikuwa ananyonyesha!

Baada ya matanga alikuja afisa wa ustawi wa polisi, inspekta mmoja mtu mzima. Alieleza kwamba watoto wa askari aliyefia kazini wangesomeshwa sekondari ya bweni. Ila mtoto wa nje ya ndoa angepokelewa tu iwapo mjane angemtambua.

Ukoo mzima ukanigeukia. Kaka zangu walikuwa wameshaninong'oneza nikatae. Dada yangu alisema nikikubali, nitakuwa nimembariki mwizi wangu. Nami nilitaka kukataa, nisiwafiche. Nilitamani Sesilia arudi kwake akilia kama nilivyolia mimi.

Inspekta akaniuliza, "Mama Adela, unamtambua mtoto huyu?"

Sesilia alikuwa amekaa karibu na mlango na bintiye. Levina ndiye aliyenisogelea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Nikaitika marahaba kabla sijajua ninafanya nini. Ningemkanaje mtoto niliyekwisha kumwitikia?

"Ni wa Aloyce," nikasema. "Msomesheni."

Mabinti wote wawili wakapelekwa shule moja huko Mkuu, Rombo. Nilidhani wivu utaisha. Thubutu! Siku ya kutembelea wanafunzi nilipanda kutoka Moshi na mtori wangu wa ndizi na nyama, nikamkuta Sesilia ameshafika, na Adela wangu kamlalia mapajani akicheka! Anamwita mama mdogo! Nilisimama pale getini. Mume alimchukua, na mtoto pia?

Nilimvuta Adela kando, nikamuuliza anatafuta nini kwa yule mwanamke. Akajibu taratibu, machozi yakimlenga:

"Mama, yeye hunisimulia baba alivyokuwa. Wewe hutaki hata kumtaja."

Nilimkabidhi chakula, nikarudi mjini siku ileile.

Leo Adela ni muuguzi, Levina ni mwalimu. Nilipolazwa mwaka jana, Adela akiwa kazini mkoa wa mbali, Levina aliomba ruhusa shuleni kwake akaja kuniuguza. Wagonjwa wenzangu walidhani nimemzaa mimi. Sikuwasahihisha.

Na Sesilia? Tunasalimiana. Kukaa naye meza moja bado sijaweza, na sijui kama nitaweza.

Akina baba mnaovaa sare, kazi yenu mnaijua ilivyo. Semeni kweli nyumbani mngali hai, msituachie aibu ya kuivumbua kaburini! Nanyi akina mama wenzangu, nawasihi, yakiwafika kama yangu, chukieni mtakavyo, lieni mtakavyo... lakini mtoto mwacheni asome.