Simu Iliyozimwa Jua Likizama

Haya aliniambia mjukuu wangu Teodosia mwenyewe, mwaka juzi, tukipura mbaazi hapa Nanganga.

Yeye na Lubasha walikutana hospitalini Nachingwea, foleni imemwagika mpaka nje. Teodosia kavaa kitenge cha njano. Kijana wa pembeni, Lubasha, kajifunga shuka la wachungaji. Mara kichwa chake kikamwangukia Teodosia begani.

"Kaka, bega langu si mto!"

"Samahani, dada. Usiku sipati usingizi mpaka majogoo. Mchana ndio unanibeba."

Mara mbili Lubasha alikuwa amelala machungani, ng'ombe wakaingia kwenye ufuta wa watu kijijini Malolo. Wenye ufuta walimwambia, ya tatu hatumwiti mwenyekiti wa kijiji, tunamaliza wenyewe. Wakamwonyesha mapanga.

Daktari akamwambia, "Saa ya mwili wako imechelewa. Kila siku amka mapema kidogo kuliko jana, toka nje ukae kwenye mwanga. Jua likizama, simu weka mbali. Mwanga wake unakufukuzia usingizi."

Wakapendana, tena kwa simu za kuonana uso, mpaka saa tisa usiku.

"Teo wangu, geuka nikuone."

"Utaniona nini gizani? Lala, we mwanaume!"

Anacheka, halali.

Jioni moja Teodosia akawapita wanaume wananoa mapanga, wanataja jina la Lubasha. Tangu siku hiyo jua likizama anazima simu, bila kumwambia mtu.

Siku ya nne, alfajiri, Lubasha huyo mlangoni. Kapita katikati ya mashamba yale yale, peke yake.

"Umeniacha kwa ajili ya ufuta wa wakulima wenzako?"

"Nimezima ili ulale, mjinga wewe! Wakikukuta umelala tena watakukata!"

"Si ungeniambia?"

"Ungenibembeleza, na mimi ningekubali."

Ikawa kila alfajiri Teodosia ndiye anayempigia. "Umetoka nje?" "Nimetoka, mke wangu. Jua hili usoni." "Mke wa nani? Kaa hapo hapo!"

Mwezi ukapita. Siku ya kupeleka ng'ombe mtoni, wenye ufuta walikaa kando ya njia na mapanga mapajani, wanamsubiri asinzie. Teodosia hakula kutwa. Jua linataka kuzama, simu ikaita.

"Ng'ombe wote wako zizini. Hakuna aliyekanyaga hata jani. Niwatume wazee kwa baba yako?"

"Watume. Sasa zima hiyo simu."

Saa tatu usiku Lubasha alikuwa anakoroma. Teodosia alikaa kitandani na viatu miguuni, tayari kukimbia, anasikiliza kama kuna yowe kutoka Malolo. Halikuja. Karibu na alfajiri akavua viatu, akalala.