Makamu Kutoka Omate

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya Masisi wakati Evode alipotia kibuyu cha maziwa kwapani na kushuka kwenda kutafuta makamu.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa mvua. Njia iliteleza. Aliteleza mara mbili, na mara zote mbili akayaokoa maziwa, akaacha makalio yajitetee yenyewe.

“Pole, prezida,” akajiambia.

Hakuna aliyecheka. Kwa muda mrefu sasa hakuna aliyekuwa akicheka. Evode alikuwa mtu wa maneno mengi aliyebaki bila wa kumwambia. Wakati wa vita alikwenda na askari hadi Abisinia, akiwa mpishi. Baadaye akapita Stanleyville, akapita Usumbura, na kwa ushuhuda wake mwenyewe aliunguza wali katika nchi tatu. Mkewe Thacienne alizisikia hadithi hizo mara mia na kuzicheka mara mia. Kisha Thacienne akafa, mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Sasa Evode aliwasimulia ng'ombe wake wawili. Ng'ombe hawacheki. Wanatafuna tu, halafu wanageuka upande wa pili.

Kilichombakishia watu ni maziwa. Kituo cha koperative, yaani chama cha ushirika, kilikuwa mbele ya nyumba yake, juu kilimani. Kila alfajiri wafugaji walipanda na bidoni zao za maziwa, wakayapima, wakamtania, wakashuka. Saa moja ya watu. Baada ya hapo upepo, mpaka kesho.

Na hiyo saa moja Rukara alitaka kuiondoa. Rukara aligombea uprezida, kiti cha juu cha koperative, na ahadi yake ilikuwa kuhamishia kituo Burungu, kando ya barabara ya lori. Lilikuwa wazo zuri, na Evode alijua hivyo. Ndiyo sababu alijitosa kugombea: kituo kikiondoka, hakuna mtu angekuwa na haja tena ya kupanda kilima kile mpaka siku ya kuja kumzika.

Uchaguzi ulikuwa kesho yake asubuhi. Yule Mzungu wa kilimo, agronome, hakutaka karatasi za kura. Kila mgombea husimama akitazama meza ya karani. Nyuma yake husimama makamu. Nyuma ya makamu hujipanga wanaowataka wawili hao. Mgombea akigeuza shingo kutazama nani kamfuata na nani kamkimbia, ameshindwa papo hapo. Walikuwa wamechoka na wagombea wa kukazia watu macho.

Kwa hiyo makamu ndiye kila kitu. Uso wa mgombea unatazama meza; watu wanatazama mgongo wa makamu.

“Papa Evode,” Nyiramahoro alikuwa amemwambia asubuhi ile, akimimina maziwa yake. Huyu alikuwa jirani wa kilima cha pili, na ulimi wake haukuwahi kupata likizo. “Weye peke yako, hakuna muntu atasimama nyuma yako. Hata ng'ombe yako itaenda kwa Rukara.”

“Ile nyeupe, ndiyo. Ile nyeusi iko na aibu kidogo.”

“Acha michezo! Tafuta muntu wa nguvu. Straton, ule kapita wa Omate. Nasikia alirudia kwake, kule chini ya Kashuga. Batu ya chini bote balitumika kazi naye. Akisema musimame, banasimama.”

Nani hakumjua Straton? Alikuwa msimamizi wa wachimbaji kule Omate, ndani ya msitu wa Walikale. Mwaka mmoja udongo ulifunga shimo, wenzake walikimbia, yeye akarudi ndani na kufukua watu kumi na mmoja kwa mikono yake. Mtu kama huyo ukimweka nyuma yako, mstari hauna mwisho.

Evode akavuka bonde la mafunjo. Ukungu ulikuwa umeshalala juu ya maji. Vyura walikuwa wakipiga kelele... kisha wakanyamaza. Wote. Kwa pamoja.

Akaiona nyumba, ndani ya ua wa minyaa. Mlango wazi. Giza ndani.

Hakukuwa na moshi.

Kwenye vilima vile, jioni kila paa la majani hutoa moshi. Nyumba isiyotoa moshi saa ile ni nyumba iliyozimiwa moto kwa sababu ya mfu, na humo maziwa hayaingii. Mtoto wa miaka mitano anajua. Evode naye alijua. Lakini alikuwa amekula viazi baridi mwaka mzima, mbele ya mafiga baridi, na macho yake yalikuwa yamesahau kushangaa. Alichoona ni nyumba kama yake.

“Hodi...”

Akasogea hadi mlangoni.

“Hodi, Papa Straton. Niko Evode, wa kituo cha maziwa.”

“Ingia.”

Sauti ilitoka chini, kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya shimo. Evode akainama, akaingia. Harufu ikampokea: udongo mbichi, ule wa chini kabisa, ambao haujawahi kuona jua. Kwenye kona alikaa mtu mrefu, mikono juu ya magoti. Uso haukuonekana. Mikono ndiyo ilionekana, mipana, nayo ilikuwa na matope hadi kwenye viwiko.

“Ulitoka shambani, Papa?”

“Natoka kazini.”

Evode akaeleza haja yake. Akaeleza vibaya, kwa kurukaruka, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzungumza. Alipoona haulizwi kitu akaendelea tu: kituo, Rukara, Thacienne, Abisinia, wali. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza. Hakugeuka upande wa pili. Evode akajifanya kukohoa.

“Siku mingi,” Straton akasema taratibu, “hapana muntu alikuya kuniita.”

“Miye nakuita.”

“Sisi tuko wengi. Mi siachake batu yangu nyuma. Ukinichukua miye, unachukua sisi bote.”

“Bote, Papa! Hata bakiwa mia, mi nabapokea.”

Akampa kibuyu. Huko, anayekunywa maziwa uliyomletea amekubali ombi lako, na wewe uliyempa huwezi tena kulirudisha neno lako. Straton akainua kibuyu. Akanywa... akanywa... Evode hakusikia mmezo hata mmoja. Kibuyu kiliporudi mkononi mwake kilikuwa kikavu ndani, kikavu kabisa, kama kilichoanikwa juani wiki nzima.

“Kesho,” Straton akasema. “Usigeuke.”

Evode akapanda kilima akiimba. Alikuwa na makamu!

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe waligongana. Wanachama walikusanyika uwanjani, mbele ya meza. Rukara akasimama na makamu wake. Evode akasimama peke yake, macho mezani, masikio nyuma.

“Makamu wako iko wapi?” akauliza karani Karekezi.

“Anakuya.”

“Rukara peke yake njo atahesabiwa, kama...”

Karekezi hakumaliza. Alikuwa akiangalia juu ya bega la Evode.

Mkono ukatua pale begani. Baridi yake ilipita koti, ikapita shati, ikafika mfupani. Na ile harufu...

Evode hakugeuka.

Akasikia miguu. Kwanza miguu aliyoijua: viatu vya mpira vya Nyiramahoro, kikohozi cha mzee mmoja wa Kashuga, watu wa chini wakinong'ona kwa furaha, “Kapita! Njo yeye, kapita!” Kisha miguu mingine. Isiyo na viatu. Mizito. Yenye maji ndani yake.

Chwa... chwa... chwa...

Minong'ono ya furaha ikafa.

Chwa... chwa...

Karekezi akaenda kuhesabu. Evode akamsikia akitembea kando ya mstari, akitaja namba kwa sauti. Sauti ikaingia ndani ya ukungu, ikawa ndogo. Ikawa ndogo zaidi. Ikakatika.

Aliporudi, alirudi mbio. Hakumtazama mtu. Akaandika jina moja kwenye kitabu, akakifunga, na agronome, ambaye hakuwa ameinuka kitini, akasema kwa Kifaransa kwamba Evode ni prezida.

Ule mkono ukatoka begani. Evode akageuka. Nyuma yake walikuwa wanachama ishirini na kitu, wamerudi nyuma wote, wamebanana kama mbuzi wanaonyeshewa. Nafasi ya makamu ilikuwa tupu.

“Papa Evode,” Karekezi akanong'ona, “ulitoa wapi bale batu? Nyuma ya hawa betu, mstari ilikuwa ingali inaenda. Niliendelea... nikaona miguu yabo. Na majani chini ya miguu yabo ilikuwa na umande. Hapana hata jani moja ililala.”

“Pengine ukungu tu.”

“Pengine,” Karekezi akasema, na tangu siku ile hakukanyaga tena koperative.

Jioni ile Evode alishuka tena kwenda kumshukuru makamu wake. Mlangoni alimkuta mwanamke aliyenyoa kichwa, miguu imevimba kwa safari. Alikuwa Mukankusi, dada yake Straton.

“Unamutafuta kaka?” akauliza. “Mi natoka kumulilia ku Omate. Ni siku tisa. Mvua iliangusha kilima. Alitoka, akarudia ndani kutafuta batu yake. Bote balibakia mule. Habajafukuliwa, hata mumoja. Nilipopata habari nilizima moto hapa, nikaenda.”

“Lakini jana nilimuletea maziwa.”

Mukankusi akamtazama sana.

“Mu nyumba hii? Bila moto?”

“Ndiyo.”

“Alikunywa?”

“Alimaliza.”

Mwanamke akarudi hatua moja nyuma. Kisha nyingine. Akaingia ndani, na Evode akasikia kigogo kikiegemezwa mlangoni.

Kesho yake hakuna bidoni iliyopanda kilimani. Wala kesho kutwa. Maziwa yalimwagwa, au yalinywewa na ndama. Siku ya tatu Nyiramahoro alikuja, akasimama mbali, pale njia inapokata kona.

“Acha kiti, Papa Evode! Andikia agronome barua. Hatuwezi kuweka maziwa yetu mbele ya bale.”

“Nikiacha, kituo itaenda Burungu?”

“Itaenda.”

“Na mutakuya kunisalimia?”

Nyiramahoro akaangalia miguu yake. Alikuwa mwanamke mwema, na uongo ulimpa taabu.

“Tutakuya,” akasema. “Siku moja moja.”

Evode akacheka. Alishawahi kuambiwa hivyo, kwenye matanga ya Thacienne, na watu arobaini.

Hata hivyo aliiandika ile barua. Alikesha nayo, mistari minne, mwandiko wa mpishi. Alfajiri alikuwa karibu kutia sahihi aliposikia.

Chwa... chwa... chwa...

Wakasimama nje. Hawakugonga. Walingoja kama watu wenye adabu wanavyongoja.

“Papa Evode.” Sauti ileile, kutoka chini. “Tuko hapa inje. Kuko baridi.”

Evode akaitazama karatasi. Mistari minne tu. Asaini, na asubuhi wawe wameondoka. Pengine. Na baada ya hapo upepo, leo, kesho, na siku zote zilizobaki.

“Muko bangapi?” akauliza.

“Bote.”

Akaikunja barua. Akaenda mlangoni.

Kulipopambazuka, Nyiramahoro alitoka kukamua. Ukungu ulikuwa umeinuka na hewa ilikuwa safi. Upande wa pili wa bonde aliona mlango wa Evode uko wazi, na Evode mwenyewe amesimama kando yake, ameushika kwa mkono, amejibana ukutani kama mtu anayewapisha wageni. Midomo ilikuwa ikienda. Uso ulikuwa na furaha.

Hakukuwa na mtu mlangoni.

Nyiramahoro akakamua ng'ombe wa kwanza, akakamua wa pili, akawapeleka malishoni, akarudi. Jua lilikuwa juu. Evode alikuwa bado amesimama palepale, akiinamisha kichwa kidogo, akingoja aingie wa mwisho ili afunge. Upepo ukageuka, ukaleta sauti yake ng'ambo, ndogo, ya uchangamfu, imekaribia kukauka.

“Karibu, kaka... Karibu... Karibu...”