Taa Iliyoungua Bandani Endabash

Jumatano, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, kipande cha kisu cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe kilikutwa kimezama kwenye nguzo ya banda la kikundi cha wafugaji, Endabash. Chini yake Patrisi, mwanakikundi, amelala, paja limechanika. Aliyewasha mashine ni Eunike, mwenye zamu.

Watu walimbeba Patrisi mbio hadi barabarani apelekwe hospitali Karatu. Modest, mwenyekiti wa kikundi, alibaki kulinda banda. Saa nne akamweleza mtendaji wa kijiji, Herbert, kwamba binti alishindilia majani, mashine ikalemewa, ikaguna, kisu kikavunjika. Herbert akasema saa kumi polisi wanakuja, Eunike asitoke nyumbani.

Mama yake, Lusia, aliishia darasa la saba. Lakini siku fundi alipofunga ile mota alikuwa pale anachambua mboga, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine.

"Ililiaje?" alimuuliza mwanawe.

"Ilipiga mluzi, mama. Kama inataka kuruka."

"Haikuguna?"

"Hata kidogo."

Kwanza alidhani mtoto anajitetea. Kisha akamshuku Patrisi mwenyewe, maana jana yake ndiye aliyenoa kisu, huenda hakukaza. Akaenda bandani na Herbert. Nati zilikuwa zimekazwa. Kisu kilikatikia katikati. Fyuzi nzima. Taa ya bandani, inayotumia betri ileile ya mashine, imeungua, nyeusi ndani. Na nyuma ya gunia linaloficha betri, vumbi lilikuwa na alama mbili za mraba. Betri ilikuwa moja.

Lusia akakumbuka kwamba asubuhi, saa moja na nusu, Angelina, mke wa Modest, alikuja kwake kuomba kuchaji simu. Alisema kwao leo sola haitoi kitu. Na zamu za bandani ni za saa mojamoja; ya saa moja hadi saa mbili ilikuwa ya Modest.

Saa kumi watu walijaa, polisi wawili pembeni. Lusia aliomba neno.

"Fundi alisema mota ikilemewa inapunguza mwendo, inavuta ampea nyingi, fyuzi inakatika. Fyuzi hii hapa, nzima. Ikikimbia kupita kiasi, ni volti zimeongezwa, na ndizo zilizounguza taa. Nani aliongeza?"

Modest akacheka. "Mama Eunike siku hizi injinia. Cheti kiko wapi?"

"Kiko kwako, baba Safari. Lete betri ya nyumbani."

Angelina ndiye aliyeileta, mikono miwili, bila kumtazama mumewe. Herbert aliamuru mota ijaribiwe bila kisu. Kwa betri moja, volti kumi na mbili, ilinguruma kama kila siku. Wakaunganisha ya pili kwa kufuatana, zikawa ishirini na nne. Mota ikapiga mluzi mwembamba, watu wakarudi nyuma.

"Huo ndio," alisema Eunike. Alianza kulia.

Angelina akaitua simu yake juu ya meza. "Niliamka betri haipo. Saa tatu nikaiona imerudi, ina majani mabichi."

Modest alikaa kwenye jiwe. Akasema alikuwa anawahi mnadani Karatu, na rundo lake lilikuwa kubwa kuliko saa yake moja. Kisu kilivumilia zamu yake, kikachoka kwenye ya Eunike. Hakuichomoa betri mapema kwa sababu watu walishafika, na sheria ya kutogusa betri aliiandika yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo ukaona heri mtoto wangu," alisema Lusia.

Polisi wakamwinua Modest.

Patrisi alipona, anachechemea. Eunike amerudi kwenye mashine. Ila kila asubuhi Lusia humtangulia, huinua gunia na kuhesabu betri. Nawe mwenye binti, mashine ikikimbia kuliko jana, usiishangilie. Izime, kisha uinue gunia.