Madirisha Mawili kwa Pamoja

Asubuhi Mama Pacha alifungua kibanda cha kuchapa. Alifuta vumbi kwenye kompyuta, akaketi kwenye kiti cha mumewe. Baba Pacha alikuwa nyumbani kitandani, mguu umevunjika. Kibanda hicho ndicho kilichowalisha. Kikifungwa, watoto watalala njaa.

Mwalimu mmoja aliingia na flashi yake. Alitaka maswali yatolewe kwenye faili moja, yaingizwe kwenye faili la mtihani.

Mama Pacha alifungua faili la kwanza, akakariri swali, akalifunga. Akafungua la pili, akaandika, akalifunga. Akarudi kwenye la kwanza.

"Mama, kwa mwendo huu wanafunzi wangu watazeeka," mwalimu alisema.

"Haraka haraka haina baraka, mwalimu."

"Na kujivuta huku hakutoi mtihani." Mwalimu alichukua flashi yake, akaondoka.

Hakuwa wa kwanza kuondoka hivyo. Machozi yalimlengalenga Mama Pacha.

Dada mmoja, fundi simu wa mlango wa pili, alikuwa ameyaona yote. Aliingia.

"Mama Pacha, mbona kila mara unafunga faili?"

"Mume wangu ndivyo alivyonifundisha. Ukifungua mawili, kompyuta inaungua."

Fundi alicheka. Alipomtazama usoni, akaacha.

"Haiungui, dada yangu. Fungua yote mawili. Sasa shika Alt, usiiachie. Gusa Tab."

Madirisha yote yalijitokeza kwenye kioo, madogo madogo.

"Kila ukigusa Tab unahamia jingine. Ukifika unalotaka, achia Alt."

Mama Pacha alijaribu. Faili alilotaka likaja.

"Unataka kuyaona yote kwa pamoja? Shika kitufe chenye alama ya dirisha, bonyeza mshale wa kushoto. Hilo limekaa kushoto. Hamia la pili, ufanye vilevile kwa mshale wa kulia."

Mafaili yakakaa ubavu kwa ubavu. Maswali huku, mtihani kule.

"Yakikuchanganya, shika kitufe hichohicho na herufi D. Yote yanajificha. Ukirudia, yanarudi. Hakuna kinachopotea."

Mama Pacha alikumbuka chai. Kila ilipokuja kazi ya mafaili mawili, mumewe alimwambia, "Mke wangu, hebu kanipikie chai." Akirudi, kazi imekwisha. Na yeye alikuwa akimsifu mumewe mbele ya wateja!

Jioni alisimama kando ya kitanda.

"Baba Pacha, Alt na Tab ulizijua?"

Mumewe aligeukia ukutani.

"Ungejua kila kitu, mimi ningebaki na nini?"

"Ungebaki na mke wa kukusaidia. Leo ungekuwa umelala hapo bila wasiwasi."

Wateja walirudi mmoja mmoja. Hata mwalimu alirudi, akapata mtihani wake kabla hajamaliza kusoma gazeti. Watoto walikula, wakashiba. Baba Pacha alipopona, alikuja kibandani akichechemea, akasimama karibu na kiti chake. Mama Pacha hakuinuka. Alimsogezea kigoda.

"Kaa hapa uone," alisema. "Mimi sikufichi."

Tangu hapo kazi ilikwenda vizuri, wote wawili wakichapa kwa zamu. Lakini chai kila mtu alijipikia yake.