Feni Zilizokwenda Maktaba

Fundi alikuwa mchapaji wa mitihani katika chuo kikuu. Kazi yake aliipenda, tena aliipenda hasa. Lakini chumba chenyewe, jamani! Dirisha lilipigwa misumari ili mitihani isivuje. Joto likabaki ndani, unga wa wino ukabaki ndani, na Fundi na wenzake wakabaki humo humo.

Kila jioni alirudi nyumbani na kikohozi. Kifua kilimbana, akawa hana raha hata ya kula. Mkewe alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Akamwambia aache kazi hiyo. Heri kula kidogo na mume mzima. Wazo la kuacha kazi lilimuuma Fundi kuliko kifua.

Sasa sikiliza kituko. Kabla ya hapo, chuo kiligawa karatasi za maswali kwa wafanyakazi wote wa ofisini na mafundi. Hewa ya chumba chako ikoje? Unapata muda wa kupumzika? Mnasaidiana kazini? Moja ni mbaya sana, tano ni nzuri sana. Fundi akajaza tano, tano, tano mpaka chini. Wenzake vivyo hivyo. Kwani sisi tukiulizwa habari hujibuje? Mtu ana homa ya kulazwa, lakini ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Halafu waliogopa pia. Nani anataka mkuu wake amwone mlalamishi?

Miezi ikapita. Feni mpya zikaletwa, zikapita mbele ya mlango wa Fundi, zikaenda maktaba. Fundi akawaka. Jioni ile hakuingia kwake, alikwenda moja kwa moja kwa jirani yao, dada aliyefanya kazi katika ofisi iliyosimamia upimaji ule wa karatasi za maswali. Akalalamika kwamba wachapaji wamesahauliwa, na kwamba mnyonge hana haki.

Dada alimpa kiti, akamwacha amalize.

"Kaka, hamkusahauliwa," akasema. "Feni zilipelekwa penye alama za chini, na chumba chenu kilipata alama za juu kuliko vyote. Sisi wengine tuliwaonea wivu."

Fundi aliona aibu, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Karatasi ile si salamu," dada akaendelea. "Ni kama kipimajoto. Usipokibana vizuri kwapani, kitasema huna homa, nawe utarudishwa nyumbani na ugonjwa wako."

Akamweleza kwamba karatasi haiandikwi jina. Majibu ya chumba kizima hujumlishwa, na mkuu huona jumla tu. Tatizo likirekebishwa, watu huulizwa tena, ijulikane kama hali imebadilika. Upimaji wa pili ulikuwa karibu. Ila kwa kifua, dada alisema, asisubiri karatasi. Aende kwa daktari.

Fundi akaenda kwa daktari, akapewa dawa. Akamwomba mkewe subira kidogo. Kisha akawasimulia wenzake wakati wa chai, nao wakajicheka wenyewe. Safari hii walijaza ukweli. Hewa, moja. Mapumziko, mbili. Kusaidiana, tano, maana hilo nalo lilikuwa kweli, na ukweli si malalamiko peke yake.

Hawakungoja sana. Misumari iling'olewa. Dirishani zikawekwa nondo na wavu mzito: hewa inapita, mtihani haupiti. Ikaja feni ya kutoa hewa chafu, zikaja barakoa, na wakapangiwa zamu za kupumzika. Kikohozi kikapungua, kisha kikaisha. Fundi akawa anakula, anataniana na mkewe, na kazi yake anayo.

Upimaji wa tatu ulipofika, Fundi alikwenda na karatasi nyumbani. Akajaza yote isipokuwa swali la mwisho: Je, unafikiria kuacha kazi hii? Hilo hakulijibu. Akamsogezea mkewe karatasi na kalamu.

Mkewe akasoma polepole. Akaandika, "Hapana." Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaongeza chini yake: "Asanteni sana. Mmenirudishia mume wangu."