Mdhamini Mwenye Maswali Mengi

Koinet alichanikiwa na suruali mbele ya watu wote wa mnada wa Karatu. Aliruka kutoka kwenye lori la vitunguu lililokuwa limefika kutoka Mang'ola, bugaluu lake la kahawia lenye miguu mipana likanasa kwenye msumari wa bodi, likaachia kuanzia gotini hadi pajani. Wauza nyanya wakapiga vigelegele.

"Kaka, njoo huku kabla hujatuonyesha na mengine!"

Aliyemwita ni Hyasinta, fundi cherehani wa kwenye baraza la duka la Mzee Patrisi. Alivaa gauni la maua ya njano alilojishonea mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Dada, nisitiri," Koinet alisema, mkono mmoja pajani.

"Ivue."

"Hapa hapa?"

"Hilo shuka begani umelibebea nini? Jifunge!"

Akajifunga shuka lake jekundu, akasimama kando ya mashine kama mtu anayengoja kunyolewa. Hyasinta alishona huku akiuliza. Kwao wapi? Ngorongoro, upande wa Nainokanoka. Nani alimfundisha kuendesha lori? Dereva mmoja wa misheni. Na ng'ombe wa kwao anachunga nani?

"Wewe ni fundi au ni polisi?"

"Nauliza tu. Mtu akikaa kimya mbele yangu naona kama cherehani imekatika mkanda."

Koinet alicheka, meno meupe yakaonekana. Mnada uliofuata alirudi na shati lisilo na tatizo lolote, akadai lina kifungo kinacholegea. Uliofuata akaja mikono mitupu, akasema ukweli: "Nimekuja kuulizwa."

Mwaka huo wa 1977 hapakuwa na mtu Karatu ambaye hakujua kwamba Hyasinta, binti wa Kiiraqw, anapendana na dereva wa Kimasai. Alipokuwa safarini, Koinet alipiga simu dukani kwa Mzee Patrisi, na mzee alimwita binti kwa sauti ya kusikika hadi kanisani: "Hyasinta! Wako yuko kwenye waya!"

"Takwenya, kipenzi," Koinet alimsalimia kwa Kimasai.

"Iko. Umekula?"

"Nimekula vumbi la Oldeani. Wewe umeshona?"

"Nimeshona magauni ya watu. La kwangu linamngoja mwenye kuninunulia kitambaa."

Kisha siku moja mchana polisi walisimamisha lori kwenye kizuizi. Sajini alipanda juu, akasukuma magunia ya vitunguu, akakuta chini yake magunia ya kahawa yaliyoibwa kwenye shamba moja kubwa la Oldeani. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda sana, na wezi walikuwa wamepanda nayo. Inosenti, mpakiaji wa lori, aliapa kwamba hajui kitu. Mwenye lori alisema yeye anajua vitunguu tu. Akabaki dereva. Koinet akafungwa pingu.

Hyasinta alifika kituoni na uzi bado umemning'inia kwenye mkono wa gauni.

"Shikamoo, afande. Nikitaka kumtoa nifanye nini?"

"Marahaba. Wewe ni nani wake?"

Akafikiri kidogo. "Mtu wake."

Sajini alitabasamu, akaweka kalamu chini. "Kesho tunampeleka mbele ya hakimu. Hakimu akimpa dhamana, watatakiwa wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana. Kila mmoja aje na barua ya balozi wake wa nyumba kumi, na awe na mali ya kuonyesha."

"Na hela nalipia dirisha gani?"

"Hakuna dirisha. Dhamana hainunuliwi, dada. Unatia saini kwamba mshtakiwa atafika mahakamani kila akiitwa. Akifika mpaka kesi iishe, hudaiwi kitu. Akitoroka, unadaiwa wewe, na mali yako inauzwa."

"Kwa hiyo akidhaminiwa kesi imekwisha?"

"Haijaanza hata! Anaachiwa kwa sababu bado hajaonekana ana hatia. Wewe unatuhakikishia kwamba atarudi."

"Na mwanamke anaruhusiwa?"

"Sheria haijauliza gauni wala suruali."

Mzee Patrisi alikubali kuwa mdhamini wa pili, kwa nyumba yake ya bati. Hyasinta hakuwa na nyumba. Alikuwa na cherehani. Mama yake, Bernadina, alisimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Ng'ombe wa babu yako walichukuliwa na watu wa kwao. Leo unawapelekea na mashine?"

"Simpelekei mtu, mama. Nasema tu kwamba atarudi."

"Umejuaje kwamba atarudi?"

Swali hilo lilimkaa. Hyasinta aliondoka nalo hadi kwa balozi kuomba barua.

Kesho yake alitia saini. Koinet alitoka mahabusu akiwa amekonda uso, akatazama jina la Hyasinta lililoandikwa kwa wino wa bluu. Nje ya mahakama alimwambia, "Sitakuaibisha." Basi.

Ila Hyasinta alikuwa Hyasinta. Baada ya siku chache alirudi kwa karani wa mahakama na maswali yake. Mshtakiwa akiugua, inakuwaje? Mdhamini akifa? Mdhamini akitaka kujitoa, anaruhusiwa?

"Anaruhusiwa," karani alimjibu. "Anamwambia hakimu, na mshtakiwa anarudi ndani mpaka apate mwingine."

Dirishani, akijifanya anasoma matangazo, alikuwepo Inosenti.

Jioni hiyo hiyo Inosenti alimkuta Koinet gereji. "Ndugu yangu, nimesikia kwa masikio yangu. Hyasinta anauliza namna ya kujitoa. Watakuja kukuchukua. Kwa nini usivuke mpaka, uende Kenya kwa jamaa zako wa Narok?"

Koinet hakuvuka. Alipanda Ngorongoro, akapiga simu kutoka hoteli moja ya ukingoni mwa kreta, alikokuwa akifanya kazi binamu yake. Waya ulikuwa unakoroma.

"Hyasinta, jibu moja tu. Uliuliza namna ya kujitoa?"

"Niliuliza, lakini—"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Koinet, nisikilize! Mimi nilitaka tu kujua—"

Waya ukakatika. Mzee Patrisi aliuzungusha mkono wa simu mpaka ukapata moto. Hakuna kitu.

Zikafuata wiki za kimya. Hyasinta alishona sare za shule huku akipinda pindo mahali pasipo na pindo. Sokoni watu walimtazama kwa huruma ile inayochoma. Wengine walikwishaanza kumuuliza kama cherehani itauzwa bei gani. Inosenti naye alipita barazani: "Pole, dada. Nasikia ameshafika Kenya."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu."

"Watu gani? Wamemwona njia ipi?"

Inosenti akakumbuka kwamba ana haraka.

Siku ya kesi mvua ilikuwa imeharibu barabara, na hakuna gari lililoshuka kutoka Ngorongoro. Hakimu aliketi na wazee wa baraza. Jina la Koinet likaitwa. Likaitwa tena. Bernadina, aliyekuja akisema anapita tu, alimshika binti yake mkono.

Karani alifungua kinywa mara ya tatu, na mlangoni akasimama mtu mwenye shuka lililolowa, miguu imefunikwa tope jekundu hadi magotini. Alikuwa ameanza kutembea alfajiri, akapita msitu wenye nyati.

"Nipo," Koinet alisema.

Kesi ilipoahirishwa kidogo, walisimama chini ya ukingo wa paa, matone yakiwadondokea.

"Ulidhani nimejitoa, ukaja kufanya nini?"

"Kama hujajitoa, nisipofika ningeuzisha cherehani yako. Kama umejitoa, nilitaka wamkamate mtu aliyekuja mwenyewe."

"Sikujitoa, mjinga wewe. Niliuliza tu! Mimi nauliza kila kitu."

"Najua. Nilipofika lango la Lodoare ndipo nilipokumbuka, nikaona haya." Akainamisha kichwa. "Inosenti aliniambia nusu, mimi nikamalizia."

"Inosenti?" Hyasinta alisita. "Kwa nini yeye anataka sana uende Kenya?"

Akaingia nalo hilo swali kwa sajini. Sajini hakulipuuza. Mlinzi wa lile shamba alipoletwa, alimtaja Inosenti kwamba ndiye aliyekuwa akija kwenye uzio, wala dereva hamjui. Inosenti alikamatwa akiwa Mang'ola, na alipoona mlinzi amekwishasema, alikiri.

Kesi iliposikilizwa tena, hakimu alimwachia Koinet huru. Kisha akawageukia wadhamini. "Mzee Patrisi, Hyasinta, mmefunguliwa. Kuanzia sasa hamna wajibu wowote juu ya mtu huyu."

Hyasinta akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na anayetaka kuendelea?"

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Wazee wa baraza walifuta macho. Hakimu alijitahidi kukaza uso, akashindwa.

"Hilo halipo kwenye mamlaka yangu, binti. Muulize mwenyewe."

Hakumuuliza. Ni Koinet aliyetangulia, walipofika barabarani, Bernadina akiwafuata hatua chache nyuma na kujifanya hasikii.

"Nikija kwenu na kaka zangu, baba yako atatupokea?"

"Sijui."

"Na mama yako?"

Hyasinta aligeuka kumtazama mama yake. Bernadina alikuwa anayakagua matope ya kwenye miguu ya kijana yule, kutoka kidole hadi goti, kwa muda mrefu.

"Mwambie akanawe kwanza," alisema mama. "Halafu aje, tumuulize."